Usilifue Shuka la Maganga

Mwanangu Saidi,

Barua zote tulizofundishwa kuandika kule kisomo cha watu wazima zinaanza hivi: mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Sasa nimeshika kalamu hapa nacheka peke yangu. Mbali wapi? Uko chumba cha pili unakoroma kama mashine ya kusaga, mguu mmoja umetoka nje ya chandarua, mbu wanajipakulia. Basi tuseme mimi ni mzima, wewe ni mzima, na hiyo hofu na mashaka tuiwekee akiba. Kesho treni ikishapiga honi itapata pa kukaa.

Mwandiko wangu unaujua, unatembea kama kuku aliyekanyaga wino. Vumilia. Darasa la pili nilitoka kabla sijafundishwa kuandika kwenye mstari, na kisomo nilikuwa naenda kwa ajili ya kucheka na wenzangu.

Mambo ya blanketi, na kufunga sanduku kwa kamba, na kutokula vya dirishani kila stesheni, hayo shangazi yako ameshayasema mpaka masikio yako yamelegea. Sirudii. Mimi nataka kusema habari ya shuka.

Leo mchana nilikuona umelitoa sandukuni. Ukalikunjua, ukaliangalia, ukasema, "Mama, hili hapana. Nakwenda Tabora kuwa karani, nitalala na makarani wenzangu, watasema nimezaliwa kwenye gunia la mkaa." Nikalirudisha. Ukalitoa. Nikalirudisha tena, chini kabisa, chini ya ile suruali unayoiogopa kuikunja. Ukacheka, ukaniachia. Tangu ukiwa mdogo unaniuliza kwa nini shuka lile halitakati, na kila mara nilikupa jibu jipya. Mara nilikwambia ni ramani ya Afrika. Mara nikakwambia ni kivuli cha mtu aliyeondoka akasahau kukichukua. Hilo la pili nilikuwa nimeukaribia ukweli.

Sasa nakusimulia. Isome hii ukishapita Morogoro, ukiwa umeshachoka kuangalia mashamba ya mkonge.

Nyumba hii wewe umeikuta ina tofali na bati. Mimi nimeikuta ina udongo, na paa la makopo yaliyofunuliwa, ikinyesha tunalala tumekaa. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi kwenye karakana za Gerezani. Mtu mkimya, wewe umemchukua yeye mdomo, mimi umenichukua miguu tu. Siku moja akaja na karatasi ya benki, kakopeshwa, tujenge. Nikamwambia, "Wewe na deni la benki wapi na wapi? Deni la mchele tu linakukosesha usingizi." Akasema, "Nataka nisikie mvua nikiwa nimelala chali."

Na akaisikia. Ile mvua ya kwanza juu ya bati jipya, Saidi, sijui nikwambieje. Ilikuja mchana, tukalala chali wawili kwenye mkeka, wewe katikati, sauti imetufunika kama vile tumeingia ndani ya ngoma na mtu anaipiga kwa nje kwa vidole. Bati jipya likipata maji lina harufu yake. Baba yako alikuwa analia na anacheka, akidhani simuoni. Mpaka leo mvua ikianza naacha ninachofanya. Nadhani bado yuko humo juu, kati ya dari na bati, amelala chali.

Alipokufa nyumba ikaandikwa jina langu, na deni likaja nayo, kama mke anavyokuja na mama yake. Wewe nikakupeleka kwa bibi yako Kisarawe mpaka mambo yatulie. Ndiyo maana hii habari huijui. Sisi tunahenyeka hapa, wewe uko kule unakula mafenesi.

Mwanzo nililimudu. Nilikuwa na vyumba vya kupangisha, nilikuwa na maandazi, nilikuwa na cherehani, nilikuwa na mdomo. Pale Kariakoo sokoni nilikuwa naweza kumuuzia mtu kanga iliyopauka nikamwambia ndiyo mtindo. Halafu ikaja ile miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, kitambaa foleni, hata foleni yenyewe ilikuwa na foleni yake. Unga wa ngano ukapotea mjini kama mdeni. Nikawa sina cha kukaanga, sina cha kushona, nimebaki na mdomo, na mdomo mtupu haulipi benki.

Bahasha zikaanza kuja. Unajua nilizifanyaje? Sikuzifungua. Nilizilaza chini ya godoro, nami nikalala juu yake, naatamia kama kuku juu ya mayai viza. Kwa nini sikwenda benki kusema nimekwama? Kwa sababu ya barazani. Mjane mwenye nyumba ya tofali Kariakoo, watu wakipita wanamwamkia mpaka wanainama. Nani aende kujivua nguo mbele ya makarani? Nilikuwa nacheka sana siku zile, Saidi. Ukisikia mama yako anacheka kupita kiasi, mkague godoro.

Sasa huyo bwana.

Mimi niko barazani nachagua mchele, akasimama mbele yangu mtu kavaa Kaunda suti ya rangi ya udongo, mkononi mkoba mweusi, mfukoni kapanga kalamu kama risasi.

"Hodi hapa. Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu."

"Wewe ndiye Mama Saidi?"

"Inategemea. Unadai au unaleta?"

Akacheka. Tapeli anayejua kazi yake anacheka mapema. Akakaa, akainamisha kichwa, akasema polepole, "Mama, nimekuja kukusaidia."

"Nilikuita?"

"Watu kama sisi hatungoji kuitwa. Benki wanataka kuinadi nyumba yako."

Mchele ukanitoka mkononi. Siri niliyokuwa nailalia, mtu nisiyemjua anaitaja mchana kweupe. Nilidhani huyu lazima ni mkubwa. Baadaye nikaja kujua orodha ya wanaodaiwa ilikuwa imebandikwa ukutani kule benki, kila mpita njia anaisoma, na yeye kazi yake ilikuwa hiyo, kupita na kusoma. Lakini siku ile nilimuona kama malaika mwenye mkoba.

"Nifanyeje mwanangu?"

"Mambo ni mipango, mama. Mimi nina mtu wangu ndani." Kila neno lake lilikuwa mipango, mpaka nikampa jina, Bwana Mipango. "Kwanza, benki usikanyage. Ukikanyaga tu, wanajua uko hoi, wanaleta kengele ya mnada. Niachie mimi nizungumze nao. Halafu usimwambie mtu. Jirani, ndugu, balozi wa nyumba kumi, yeyote. Husuda, mama. Husuda mbaya."

"Na wewe unapata nini?"

"Thawabu," akasema. "Na ada kidogo ya kulifungua faili."

Unacheka, siyo? Cheka, mimi mwenyewe sasa nacheka. Lakini siku ile nilihisi wepesi wa ajabu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani baada ya kutembea nayo tangu asubuhi, shingo inapanda yenyewe. Maneno yake hayakuwa matamu hivyo. Ule wepesi ndio ulioninunua. Mtu amekwambia usifanye lile jambo unaloliogopa, eti ukilifanya utaharibu. Nani asiyempenda mtu huyo?

Cherehani likaenda kulifungua faili. Baada ya hapo kila mwezi kile kidogo nilichopata sikukipeleka benki, nilimpa yeye ampelekee mtu wake wa ndani. Akipokea anabusu noti. Nikimuomba risiti ananiangalia kwa huruma, "Mama, mambo ya ndani yana risiti?" Nami naona haya kwa kuuliza.

Siku zile nilikuwa naota ndoto moja. Naota nyumba yetu imebebwa. Imeng'olewa chini na msingi wake, imewekwa juu ya vichwa vya wabeba mizigo, inakwenda polepole Mtaa wa Msimbazi, inapita sokoni, watu wanaipisha. Kanga zangu ziko kwenye kamba uani, zinapepea. Baba yako amelala chali darini, hana habari. Mimi nakimbia nyuma nikiita, lakini ninachotoa mdomoni ni kicheko. Watu wa sokoni wanasema, "Mama Saidi leo ana raha."

Nikamsimulia Maganga.

Maganga unamkumbuka. Yule mzee Mnyamwezi muuza mkaa wa chumba cha mbele, aliyekuwa anakuita mtumwa mdogo na kukubeba kwenye mkokoteni ukirudi mweusi tii. Kwao Tabora, sisi Wazaramo, watani tangu babu wa babu zetu. Kwa hiyo kati yangu na yeye hapakuwa na neno la sawasawa hata moja. Alipokuja kuomba chumba siku ya kwanza hakubisha hodi, aliingia mpaka jikoni akafunua sufuria, akasema, "Mtumwa wangu anapika vibaya, lakini nitakaa." Nilimkimbiza na mwiko. Ndivyo alivyopanga.

Nilipomwambia ndoto akasema, "Wabeba mizigo hao ni ndugu zangu. Walikulipisha?"

"Nyie mnalipisha? Mmebeba pembe za watu mpaka shingo zimeingia mabegani, hamkulipwa hata chumvi."

"Na nyie mmeuza viwanja vyote vya Pwani mkacheza ngoma. Umebaki wewe na hiki." Halafu akanisogelea. "Mtani. Yule mtu wa kalamu ni mwizi. Nyumba inakwenda hiyo."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. "Umeanza!"

"Nasema kweli."

"Kweli ya Mnyamwezi mpaka ipimwe kwa pishi la Mzaramo."

Akaondoka. Kesho yake akarudi, Saidi, akavua kofia. Maganga alikuwa havui kofia hata akilala. Akaishika mbele ya tumbo akasema, "Mtani, leo sitanii. Nenda benki mwenyewe. Anayekukataza kuzungumza na unayemdai, au anayekudai, huyo amekaa katikati ili ale pande zote mbili."

Nami nikafanyaje? Nikapiga vigelegele! Nikaita wapangaji wote, "Njooni muone, Maganga kavua kofia ili niamini!" Tukacheka, naye mwishowe akacheka pia, atafanyaje. Mtani akikwambia nyumba inaungua unamuuliza anataka achome mahindi mangapi. Watu wengi wameibiwa kwa kuwa hapakuwa na wa kuwaonya. Mimi nilionywa mara mbili, na mtu aliyelala ukuta mmoja na mimi, nikamlipa kicheko. Hilo ndilo linalonichoma kuliko cherehani.

Basi ikafika siku. Bwana Mipango akaja mbio, jasho linamtoka. "Mama, leo leo! Benki wanakuja kesho. Njia ni moja, nyumba tuiweke kwa jina la ofisi yangu kwa muda. Wakija wanakuta jina lingine, wanarudi na kengele yao. Wewe unakaa humuhumu, unanilipa kidogo kama mpangaji, vumbi likitulia jina linarudi kwako. Weka sahihi hapa. Pale palipo wazi nitajaza mwenyewe ofisini, usisumbuke."

Kaja na mtu. Mtu mnene wa bara, mpole, kofia ya pama mkononi, macho yanatembea juu ya kuta zangu. Akagonga ukuta kwa kidole kama mtu anayechagua nazi.

"Huyu ni mwenzangu wa ofisini," akasema Bwana Mipango.

Tukaingia sebuleni. Karatasi ikatandikwa juu ya meza, kalamu ikachomolewa. Nikaishika. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kama wa mtoto anayechora. Nikakumbuka herufi za kisomo, T ya Tatu, jina langu, mstari wa kusimama na mstari wa kulala. Mstari wa kusimama nikauandika.

Nje ikalia sauti, "Uwiiii! Msiba jamani! Msiba!"

Tukatoka wote ukumbini. Saidi, mlango wa mbele umezibwa na maiti.

Amelala chali kwenye kizingiti, kichwa ndani, miguu barazani, amejifunika gubigubi shuka jeupe. Shuka langu! La arusi yangu, nililolianika uani asubuhi ile. Na nje wauza mkaa wenzake wamejipanga, weusi watupu, meno tu yanaonekana, wanalia kilio cha watani, kile cha kulia huku unadai. "Ooo ndugu yetu! Amekufa hajala kuku! Nani atalipa kuku wetu!"

Nikasema, "Maganga, toka kwenye shuka langu."

Maiti akajibu ndani ya shuka, "Mimi ndiye maiti wa nyumba hii. Sitoki. Anayeinunua ainunue na mimi."

Nami nikaanza kucheka, kama kawaida. Lakini yule mtu wa bara hakucheka. Amerudi nyuma mpaka ukutani, uso umepauka. Akamgeukia Bwana Mipango.

"Wewe. Si ulisema nyumba haina tatizo?"

"Haina, haina, huyu ni mlevi tu..."

"Nimenunua nyumba ina maiti mlangoni?"

Nimenunua, kasema. Kicheko kikanikatika. Nikamuuliza taratibu, "Baba, umenunua nini?"

"Nyumba, mama. Si wewe unayeuza? Nimeshampa nusu. Nusu nyingine ukishaweka sahihi na wapangaji wakitoka."

Walioshika kilio wakachungulia ndani. Bwana Mipango akasema, "Mama, hiyo ni lugha tu ya kiofisi," na huku miguu yake imeshaanza safari bila yeye. Mbele hapatoki, maiti kaziba. Akakata kwenda uani, yule mtu mnene nyuma yake, mimi nyuma na mwiko, kuku wanaruka. Alipanda ukuta wa choo kama paka, akaacha kiatu, akaacha na mkoba. Tulipoufungua ule mkoba ulikuwa na kitana, gazeti la zamani, na kipande cha muhogo wa kuchoma. Hiyo ndiyo ofisi yake nzima.

Mtu wa bara akakaa chini uani akashika kichwa. Nusu yake haikuonekana tena, wala cherehani langu. Nilimpa maji. Sikuwa na kingine.

Nikarudi mlangoni. Maganga bado amelala. "Amka basi," nikamwambia, "wameondoka." Hakuamka. Nikapiga magoti nikamfunua uso. Alikuwa analia, Saidi. Machozi yamechora mistari miwili kwenye vumbi la mkaa mpaka masikioni. Akasema, "Nilikwambia kwa kofia hukusikia. Nikasema labda atasikia kwa mlango." Halafu akakumbuka yeye ni nani, akasema, "Kuku wangu yuko wapi?"

Nikamchinjia kuku. Kuku mwenyewe jogoo pekee niliyekuwa naye. Na kuanzia siku hiyo ukimdai kodi anakwambia maiti halipi kodi. Alikaa miezi kadhaa anatumia sababu hiyo hiyo, mpaka nikamwambia basi tukuzike, akalipa.

Benki nilikwenda asubuhi yake. Bahasha zote nilizitia kwenye kikapu, nikazifunika kitambaa kama maandazi. Miguu ilikuwa inataka kurudi. Nikakaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi, kisha akaniita binti mmoja kasuka nywele, hajaolewa, anaweza kuwa mwanangu. Alifungua bahasha moja moja mbele yangu. Akanigombeza. Alinigombeza kweli, "Mama, tunakuita tangu lini? Tulitaka uje tu useme!" Kila aliyekuwa kwenye foleni alisikia. Ile aibu niliyoikimbia mwaka mzima nikaipata yote kwa pamoja, na unajua ilikuwaje? Ilikuwa kama mvua. Inakulowanisha, halafu inakwisha. Akaita mkubwa wake, wakaandika upya, malipo yakawa madogo na miaka ikawa mingi. Hawakunipenda, hawakunionea huruma, hawakunisamehe hata senti. Ila nyumba hawakuinadi. Nilipotoka nje jua lilikuwa kali, na mji mzima uliniona kama nimetoka kuoga.

Umenielewa ninapokwenda? Wewe ni kama baba yako, jambo likikubana unalimeza. Juzi kiatu kimekutoboka unatembea umekunja kidole, mpaka nilipokuona unachechemea. Ungesema. Kule Tabora utapata mshahara, utaoa, siku moja na wewe utataka usikie mvua umelala chali. Ukope, sikukatazi, mimi deni hilo lilinipa paa. Lakini litakubana, maana deni ni kama kiatu kipya, kuna siku linabana. Siku hiyo atakuja mtu. Sijui atavaa nini, Kaunda suti zitakuwa zimepitwa. Atakuja bila kuitwa, atakujua jina, atakuwa na haraka, na wewe atakupa wepesi. Ukiuhisi ule wepesi kabla hujalipa chochote, kaa chini. Muulize mtani wako wa karibu anakuonaje. Na akikujibu kwa mzaha, Saidi, msikilize mara mbili.

Maganga alirudi kwao alipoishiwa nguvu za mkokoteni. Wapo wanaosema yu hai, wapo wanaosema hapana. Shuka nililifua kwa sabuni ya foleni, nikalifua kwa majivu, nikalianika juani na kwenye umande. Mkaa wa mwili wake ulikuwa umeshaingia, mabega, mgongo, visigino. Mwisho nikaacha. Nikawa nalitandika siku ninazoogopa. Unalala juu ya mtu aliyewahi kulala kwa ajili yako, usingizi unakuja tu, mwepesi, wa kweli huo.

Ukimkuta hai, usimsalimie vizuri, utamtia hofu. Ingia bila hodi, funua sufuria. Mwambie Mama Saidi anasema deni la benki limebaki mkia, na yeye kodi ya mwezi mmoja bado hajalipa. Ukimkuta hayupo, waulize watani wako alipolala, ukae naye kidogo, umtukane kidogo kwa niaba yangu.

Na wewe ukikwama, usiniandikie barua ya kisomo. Usiniambie u mzima. Andika neno moja tu, nimekwama. Nitauza hata mwiko, nitapanda treni, nitakuja nilale mlangoni kwako, na shuka tayari liko huko.

Taa inaisha mafuta. Nimekwenda kukuangalia, nimeurudisha mguu ndani ya chandarua, umeutoa tena. Nje kuna wingu. Huenda ikanyesha kabla ya asubuhi, na kama itanyesha nitakuamsha, ulale chali uisikie mara moja kabla hujaondoka.

Kesho ukibeba sanduku utanikuta nimesimama pembeni ya mlango, nacheka, nawatania wapangaji. Ujue tu kwamba nimejizuia kulala kwenye kizingiti. Pita mwanangu. Njia nimekuachia.

Mama yako,
Tatu wa Kariakoo